Betri ya Kawaida

Siku mama mkwe wangu alipochomoa waya wa kompyuta yangu ukutani, nilikuwa nimefika kwa malkia wa nyuki. Nilikuwa natafsiri sura moja ya mwongozo wa ufugaji nyuki kutoka Kiingereza, kazi ya majaribio niliyopewa na ofisi ya tafsiri ya Nairobi, na zilikuwa zimebaki aya chache nifike mwisho. Radi ikapiga upande wa bondeni. Mlio haujaisha, mama alikuwa ameshanyanyuka kwenye kochi, na lile goti lake bovu analolilalamikia kutwa, akachomoa televisheni, akachomoa friji, akachomoa na waya wangu. Kioo kikawa cheusi. Nikabaki na vidole juu ya herufi, kama mtu aliyenyang'anywa sahani tonge likiwa mkononi.

"Mama! Umefanya nini?"

"Radi inakuya," akasema, huku akihangaika kufunika kioo cha ukutani kwa kanga. "Inapita kwa waya, inaua watu."

"Na kazi yangu?"

"None se," yaani kwani, "hiyo mashini haiko na batiri?"

Betri ilikuwa nayo. Ilikuwa na betri iliyokufa miezi mingi nyuma. Ilianza kwa kudanganya: inasema imebaki nusu, mara inazima. Kisha ikavimba. Ilivimba mpaka kile kibao cha kugusia kilicho chini ya herufi kikainuka na kukataa kubonyea, na kompyuta yenyewe ukiiweka mezani inayumba. Tangu hapo ikawa inaishi kwa waya. Ukiupiga waya teke kwa bahati mbaya, umekwisha. Nilikuwa nimemwambia mume wangu, tena si mara moja. Nilimwambia anapoondoka na lori kwenda Dar es Salaam kupakia mizigo, nikamwambia anaporudi, na kila mara alijibu "Nitashughulikia", neno ambalo kwa mume wangu maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha.

Sitaki kumwonea mama. Huku kwetu Batsinda, Kigali, radi ikilia kila nyumba inachomoa. Ukitulia utasikia redio zinakufa moja baada ya nyingine, kutoka nyumba za juu kuja za chini, mpaka inabaki mvua peke yake juu ya mabati. Simu zinawekwa chini ya mito. Aliyevaa nyekundu anaambiwa akabadilishe. Mama amezaliwa Biryogo, kwenye nyumba ya washona nguo, na amekua na desturi hiyo kama alivyokua na swala. Kwake kuniacha na waya ukutani wakati wa radi ingekuwa sawa na kuniacha nicheze na moto. Haya yote nayajua, na nilikuwa nayajua hata siku ile. Lakini roho ilinichafuka vilevile.

Nilipoiwasha tena, ukurasa niliofungua asubuhi ulirudi ukiwa na mistari michache ya mwanzo. Yaliyobaki yote yalikuwa yamekwenda. Na kabla hujauliza, kwa sababu kila mtu ameniuliza: ndiyo, sikuwa nimehifadhi. Mume wangu aliuliza, dada yangu wa Kahama aliuliza, jirani ambaye hajawahi kugusa kompyuta aliuliza. Mtu akiibiwa kuku hakuna anayeanza kwa kumuuliza kama alimfunga kamba.

Sasa niseme kwa nini iliniuma hivyo. Kahama nilikuwa mwalimu wa sekondari. Nilikuwa naondoka nyumbani asubuhi na narudi jioni, na watu wananiuliza leo kazi imekwendaje. Nikaolewa na dereva wa malori aliyekuwa akilala Kahama kila safari, nikaja Kigali, na hapa vyeti vyangu vikakaa kabatini. Kompyuta ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa natafsiri vipande vidogo vidogo, matangazo, maelezo ya dawa za mifugo, lakini kwa kuwa nafanyia mezani pale pale tunapolia chakula, hakuna aliyeiita kazi. Wageni wakija naambiwa nisogeze "vitu vyangu". Ile sura ya nyuki ilitakiwa ifike Nairobi Jumatatu kabla ya adhuhuri. Wakiipenda, napewa kitabu kizima, na baada ya hicho vingine. Nilitaka tu niwe tena mtu mwenye kazi, na kazi hiyo ionekane na waliomo nyumbani mwangu.

Kwa hiyo kesho yake, Ijumaa, nikaifunga kompyuta kwenye mtandio nikaenda mjini.

Mafundi wa kompyuta wako kwenye majengo yale ya ghorofa yenye vijiduka vimepangana, kila kimoja na kabati la kioo, taa kali na kisahani cha skrubu. Fundi niliyeelekezwa alikuwa mtu wa makamo, mpole, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Akaigeuza kompyuta, akapapasa tumbo lake kwa kidole gumba.

"Iko na mimba," akasema, akacheka.

Nikacheka na mimi. Nilimpenda kwa muda wa dakika hiyo moja.

"Ni ya nani?"

"Yangu."

"Sawa, madamu. Lakini papa iko wapi?"

Papa ni bwana wa nyumba. Nikamwambia mume wangu yuko safarini, na kwa nini anamuulizia?

"Usikasirike, madamu," akasema, na mtu akianza hivyo ujue kuna cha kukasirikia. "Wamama wanaleta mashini ya bwana hapa, wanasema ni yao. Mimi nafungua. Jioni bwana anakuya na polisi."

Akanisimulia. Mwanamke mmoja alimletea kompyuta amfungulie neno la siri, akamfungulia kwa roho safi, mwanamke akasoma barua za mumewe zote palepale dukani, akiwa amesimama. Mume akaja, fundi akalala kituoni. Tangu siku hiyo hafungui hata skrubu moja ya kompyuta iliyoletwa na mwanamke mpaka asikie sauti ya mwanamume.

"Na mwanamume akileta kompyuta ya mke wake?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, miwani akaishusha kabisa.

"Hiyo haijatokea," akasema.

Nikaomba waya, nikaiwasha mbele yake. Nikaandika neno la siri bila kusitasita. Ikafunguka, na picha ya kwanza kabisa ni mimi, nimesimama na wanafunzi wangu mbele ya darasa, chaki mkononi. Nikamgeuzia kioo. Nikamwambia kompyuta hii niliinunua kwa mshahara wangu, Kahama, kabla sijajua kwamba huyo papa yupo duniani. Fundi akaitazama picha kwa heshima zote, akatikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu.

"Nipe tu namba ya papa."

Nikaifunga kompyuta, nikaondoka, nikaenda duka la pili. Hawana betri za aina hiyo, ya zamani mno. La tatu wakanicheka: hii utaipata kwa fundi mmoja tu, yule wa kule mwisho, mwenye miwani. Nikarudi. Alikuwa bado ameshika kalamu, na hakuonyesha kushangaa hata kidogo, jambo lililozidi kunitia kichaa.

Nikampa namba, akapiga. Mume wangu alipokea akiwa Singida, nasikia lori linanguruma. Simu ilikuwa wazi, tunasikia wote.

"Mfungulie tu, fundi," akasema, anacheka. "Ni ya kwake hiyo."

Yaani akaniruhusu. Mtu aliyeikuta kompyuta mezani kwangu akaniruhusu niiguse, na fundi akamshukuru. Kisha fundi akafunga spika, akaweka simu sikioni, akatoka nayo ukumbini. Nilimwona kupitia kioo anaitikia, anaitikia. Aliporudi uso wake ulikuwa umenawiri.

"Tumeelewana na papa. Amelipa kwa simu."

"Mmeelewana nini?"

"Bei, madamu. Ni bei tu."

Hapo ndipo ningepaswa kung'ang'ania, lakini nilikuwa na sura ya nyuki kichwani na nilitaka kurudi nyumbani niandike. Akafungua skrubu, akaitoa ile iliyovimba kwa vidole viwili kama anabeba yai bovu, akaiweka kando, akapachika nyingine. Akakata kipande cha utepe wa karatasi, akabandika mgongoni mwa kompyuta na kuandika jina na namba ya mteja, ndivyo wanavyofanya mafundi wote. Jina lilikuwa la mume wangu. Nililibandua ngazini, nikalitupa kwenye pipa la taka.

Nyumbani niliichaji mchana mzima. Ikaandika imejaa. Nikachomoa waya kwa mkono wangu mwenyewe, kwa fahari, nikaenda kubandika maji ya chai jikoni. Maji hayajapata hata kuchemka, nikarudi, kioo cheusi.

Nikampigia mume wangu.

"Nilimwambia aweke ya kawaida," akasema. Hakuwa na habari kabisa kwamba kuna ubaya. "Mpya ni bei ya wazimu, na kompyuta yenyewe kuukuu."

"Ya kawaida ndiyo nini?"

"Iliyotumika kidogo. Wanazitoa kwenye mashine zilizokufa, wanazisafisha. Si unakaa nayo hapo nyumbani tu, mke wangu? Umeme upo. Hata ikishika kidogo, kwa kuchezea nyumbani inatosha."

Kwa kuchezea.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia mambo ya betri na mambo yasiyo ya betri. Nilimwambia kwamba lori lake nalo ni kuukuu, na siku breki zikiisha nitampigia simu fundi wake nimwambie aweke za kawaida, si anaendesha barabarani tu. Nilimwambia kwamba toka nifike Kigali sijawahi kumwita yeye mchezaji. Akasema nipunguze sauti, mama atasikia. Nikasema asikie. Nikakata kwa hasira hata simu ikanidondoka kwenye sinki.

Mama alikuwa amekaa sebuleni na tasbihi yake. Nyumba zetu hizi kuta zake si kuta. Alikuwa amesikia kila neno nililomwambia mwanawe. Tulikula, akanawa, akaenda chumbani kwake, na mimi nikaamini kwamba sasa nimewakosa mume na mama mkwe kwa siku moja.

Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka yanafungwa, magari yanasimama, kila nyumba inatoa mtu na jembe kwa kazi ya mtaa. Sisi tulipewa kuzibua mfereji. Nilizibua kwa hasira, tope likaruka hadi kwenye kanga za wenzangu, na jirani yangu akaniuliza ule mfereji umenikosea nini. Baadaye kikao, mwenyekiti anazungumzia usafi, na mimi nahesabu ni lini jengo la mafundi litafunguliwa. Nilikuwa nimeapa kurudi. Nilikuwa na akiba yangu ndogo ya zile tafsiri za mifugo, ile niliyoitunzia mambo mengine kabisa, na nilikuwa tayari ikaishe yote kwenye betri.

Niliporudi nyumbani kunawa miguu, nikamkuta mama amesimama mlangoni. Amevaa gauni lake la Idi, mkoba kwapani, mtandio umebanwa kwa pini.

"Twende," akasema.

"Wapi, mama?"

"Kwa huyo fundi."

Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani nimejua: anakuja kulinda jina la mwanawe, nisije nikamtukana mbele za watu wa mjini. Nikazidi kufura. Kwenye jengo lile lifti haikuwa ikifanya kazi, na ngazi alizipanda moja moja, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine kwenye bega langu, na bega langu lilikuwa gumu kama ubao kwa sababu sikutaka anishike.

Fundi alituona akainuka, akamsalimu mama kwa mikono miwili, akamtafutia kiti. Nikaweka kompyuta juu ya kioo.

"Imezima kabla maji hayajachemka," nikamwambia. "Nataka mpya. Ile ya kwenye boksi. Tofauti ya bei nalipa mimi."

"Madamu, hiyo papa alisema ya kawaida."

"Nakwambia mimi. Hela ninayo mkononi."

"Sawa, lakini papa ndiye amelipa ya kwanza. Nikibadilisha, kesho atasema fundi ni mwizi. Tumpigie kidogo."

"Simpigii."

"Tumpigie tu, madamu. Ni dakika moja."

Nilianza kupaza sauti. Nilisema kwa Kiswahili changu chote cha darasani, chenye sababu na matokeo, kwamba mali ni yangu, hela ni yangu, kazi ni yangu, na mtu anayeulizwa yuko barabarani na hata hajui kompyuta ina skrubu ngapi. Watu wawili waliokuwa wakingoja simu zao wakageuka kutazama. Fundi alinisikiliza kwa upole uleule, na mkono wake ukaenda taratibu kwenye simu yake.

"Papa gani?" mama akauliza.

Alikuwa kwenye kiti, analisugua goti.

"Bwana yake, mukecuru," fundi akasema, kwa neno lao la kumwita bibi kwa heshima.

"Huyo nimemuzaa mimi." Mama hakuinua sauti. "Pale Biryogo, mvua inanyesha. Hakuna kitu anajua ya mashini. Redio ya baba yake aliifungua, mpaka leo haijaongea. Wewe unapiga simu kumuuliza huyo?"

Wale wawili wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa aibu.

"Mukecuru, mimi naogopa tu matatizo..."

"Tatizo yako ni mimi, nimekaa hapa. Mashini ni ya huyu. Fungua."

Akafungua. Hivyo tu. Akaleta boksi lililofungwa, akalipasua mbele yetu, akatoa ile ya kawaida, akaweka mpya. Nikalipa kwa hela yangu. Alipokata utepe wa karatasi na kunyanyua kalamu aliniangalia mimi, nikamtajia jina langu, na sikumtajia la mtu mwingine.

Ungedhani nilifurahi. Nilitoka mle nimekasirika kuliko nilivyoingia. Siku mbili nilikuwa nimesimama mbele ya yule mtu na ushahidi, na neno la siri, na picha, na pesa, na hakuna kilichomsogeza. Kilichomsogeza ni kwamba mwanamke mwingine alimzaa yule mwanamume. Yaani hata haki yangu niliipata kwa kupitia kwa mume wangu, kwa mlango wa nyuma, na fundi akabaki anaamini vilevile kwamba kompyuta ya mwanamke lazima iwe na mwanamume mahali fulani. Safari hii tu alikuwa amepatikana mtu mwenye cheo kikubwa kuliko mwanamume huyo. Nilitaka kumshukuru mama, sikumshukuru. Nilimshika mkono tukashuka.

Katikati ya ngazi akasimama kupumzisha goti. Watu wanatupita na mifuko yao. Akasema, bila kunitazama:

"Mimi nilikuwa na cherehani. Yangu, nilinunua mwenyewe, nashona mashuka na mapazia. Baba yao akaazimisha ndugu yake. Hakuniuliza. Nilitoka sokoni, nikakuta meza iko tupu."

"Ikarudi?"

"Itarudi na nini?" akasema kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyeiazimisha. "Nilikaa. Nikapika. Nikamutengea chakula."

Kisha akashika ukuta, tukaendelea kushuka. Kuhusu waya aliouchomoa siku ile hajawahi kuniomba radhi mpaka leo, na mimi sijawahi kumwomba radhi kwa niliyomtukania mwanawe.

Sura ile niliipeleka Jumatatu kabla ya adhuhuri na kazi wakanipa, kwa hiyo hilo lisikuumize kichwa. Ninachotaka kusimulia ni Jumapili.

Jumapili nilikuwa naandika upya yote yaliyopotea, na hakuna kazi inayoudhi kama kuandika mara ya pili kitu ulichokwisha kukiandika vizuri. Maneno yaleyale hayarudi. Unakumbuka kwamba kulikuwa na sentensi nzuri mahali hapa, na sasa umebaki na nyingine inayochechemea. Nilikuwa namlaani mume wangu kwa kila aya. Alasiri wingu likafunga, upepo ukabamiza mlango wa jikoni, na radi ikapiga karibu, si bondeni.

Mama akainuka. Akachomoa televisheni. Akachomoa friji. Akaja mpaka kwenye waya wangu, akaushika, akasimama, akanitazama.

"Itakaa?"

"Itakaa," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Akachomoa. Ikakaa. Kioo kiliwaka vilevile, na maneno yangu yote yako mahali pake. Baada ya muda umeme ukakatika mtaa mzima, tukabaki na giza la mvua sebuleni na mwanga wa kompyuta usoni mwangu. Mama aliacha kochi lake la siku zote, akavuta kiti hadi upande wa pili wa meza, akaketi. Tasbihi ilikuwa mkononi lakini sikusikia akiivuta. Kila radi ikipiga alikuwa akifumba macho, akiyafumbua anakitazama kile kioo.

Simu yangu ikatetemeka. Mume wangu. Nilikuwa sijazungumza naye tangu Ijumaa, na sikuwa na nia ya kuanza. Nikailaza kifudifudi. Ikatetemeka tena, ikatulia. Kisha ikaanza ya mama, chumbani, chini ya mto. Nilijua hatakwenda, kwa kuwa mama hashiki simu radi ikilia, hata akipigiwa na mufti. Akaenda. Akarudi nayo ameishika kwa vidole viwili, mbali na sikio, spika wazi.

"Mama, mke wangu yuko wapi? Hapokei."

"Iko kwa kazi."

"Kazi gani, leo Jumapili?" Sauti yake ilikuwa ya uchovu na ya furaha, nyuma yake watu wanapigiana kelele za foleni. "Niko mpakani Rusumo, tunavuka sasa hivi. Leo nalala nyumbani. Mpe simu nimwambie apike ile..."

"Nimesema iko kwa kazi," mama akasema. "Wewe ukiwa kwa lori, mimi nakupigia uache usukani ukuye kupika?"

Radi ikapiga, mama akajikunja mabega, lakini simu hakuiachia.

"Sasa... atamaliza saa ngapi?" mume wangu akauliza. Alikuwa amepunguza sauti, kama mtu anayezungumza nje ya mlango wa ofisi.

Mama akanigeukia. "Anauliza unamaliza saa ngapi."

Sikuinua macho.

"Mwambie sijui."

"Hajui," akamwambia mwanawe, akakata simu.